Kuchagua Kasi, Fidi na Kina cha Mkato kwenye Mashine ya Milingi ya Mkono

Kuanzia Iyunga mjini Mbeya hadi Mafinga na Iringa, mashine nyingi za milingi, zinazokata metali kwa kikatio kinachozunguka, zilizomo katika karakana zetu ni za mkono: kasi ya spindo (mhimili unaozungusha kikatio) hubadilishwa kwa gia au mkanda, meza husogezwa kwa gurudumu la mkono, na mahesabu yote hubaki kichwani mwa fundi. Kazi zinazoletwa ni za kila aina, kama shafti ya mashine ya kukoboa mpunga kutoka Ubaruku, kipuri cha mashine ya kupasulia mbao kutoka Mafinga, kifuniko cha pampu kutoka kiwanda cha chai cha Rungwe, au pini ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu kutoka Chunya. Mwongozo huu umeandikwa kwa fundi ambaye tayari anajua kufunga kazi, yaani kipande kinachokatwa, kwenye vaisi (kibanio cha meza) na kunyoosha kichwa cha mashine, lakini bado huchagua kasi kwa kubahatisha na kusogeza meza kwa kusikiliza mlio.

Maamuzi yafuatane kwa mpangilio huu: kwanza metali, kisha kikatio, kisha kasi, kisha fidi (mwendo wa kusogeza kazi kwenye kikatio), na mwisho kina cha mkato. Anayeanza na kina, kama wengi wetu tulivyozoea, hulazimika kuvipunguza vingine vyote kwa hofu, na kwa kawaida huanza kupunguza fidi, yaani kile ambacho kingepaswa kuguswa mwisho. Meno ya kikatio yanapokosa cha kuuma husugua, msuguano huzaa joto, na joto ndilo linalomaliza makali. Methali ya haraka haraka haina baraka imeharibu endimili nyingi (vikatio vya milingi vya umbo la fimbo), kwa sababu fundi huitumia kwenye gurudumu la meza huku spindo akiiacha izunguke kwa kasi ya juu.

Hatua ya kwanza: itambue metali

Jedwali za kasi huanza na jina la chuma, kana kwamba kila pande la chuma huja na cheti chake. Kwetu kazi nyingi huanzia kwenye chuma chakavu, kwa kuwa barabara kuu ya Tunduma hupitisha malori usiku na mchana, na malori hayo huacha nyuma hafshafti (shafti za ekseli zinazozungusha magurudumu) na springi ambazo mafundi huzigeuza kuwa shafti, pini na funguo (vipande vya chuma vinavyofungia puli au gia kwenye shafti). Chuma hicho ni kizuri, ila huficha mengi. Hafshafti ya lori kwa kawaida imepashwa moto na kupozwa ghafla ili ngozi yake iwe ngumu, kwa hiyo milimita chache za juu hazifanani kabisa na moyo wake. Nilipokuwa mwanagenzi nilipeleka endimili mpya ya milimita 16 kwenye ngozi ya namna hiyo kwa kasi ya chuma laini, na ncha zote nne zilikuwa zimekwisha kabla meza haijasogea sentimita mbili.

Kwa hiyo, kabla ya hesabu yoyote, pitisha tupa kali kwenye ukingo wa kazi. Ikiuma kwa urahisi, una chuma laini au chuma chenye kaboni ya wastani. Ikiuma kwa shida, punguza kasi utakayoipata baadaye kwa theluthi moja. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, kikatio cha haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea vikatio) hakina kazi hapo. Kilainishe chuma hicho kwa kukipasha hadi kiwe chekundu kama moto wa makaa, kukizika kwenye majivu makavu na kukiacha hadi kesho yake, ukijua kwamba nguvu aliyokipa mtengenezaji wake itakuwa imepotea na huenda kazi ikadai kukomazwa upya.

Jiwe la kunolea nalo husaidia. Chuma laini hutoa cheche ndefu za njano zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka matawi mengi karibu na jiwe. Chuma cha kusubu, ambacho mafundi hukiita kastaini, hutoa cheche fupi zenye wekundu uliofifia. Stenlesi nyingi za vyombo vya chakula na maziwa hazishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo tu.

Hatua ya pili: chagua kikatio, kisha kasi

Kikatio cha haispidi hupoteza ugumu wake joto la ncha linapokaribia nyuzi 600 za Selsiasi, wakati kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi ya haispidi, hubaki ngumu katika joto la juu zaidi ya hapo, na ndiyo maana kabaidi huruhusiwa kwenda kwa kasi mara tatu hadi nne ya haispidi. Hata hivyo kabaidi haipendi kutikiswa. Kwenye mashine iliyochakaa, yenye meza inayocheza, endimili ya haispidi hufanya kazi kwa utulivu zaidi, nami huiweka kabaidi kwa ajili ya fesimili (kikatio kipana cha kusawazisha uso) na kwa kastaini yenye ganda gumu.

Kasi ya kukata ni umbali ambao jino la kikatio husafiri juu ya metali kwa dakika moja. Kwa haispidi, chuma laini kikatwe kwa mita 25 hadi 30 kwa dakika, chuma chenye kaboni ya wastani kwa mita 18 hadi 22, stenlesi kwa mita 12 hadi 18, kastaini ya kijivu kwa mita 18 hadi 24, brasi kwa mita 45 hadi 60, na alumini kwa mita 60 hadi 100. Anza na namba ya chini katika kila kundi. Kuongeza baadaye ni rahisi, ila jino lililoungua halirudi.

Mashine haijui mita, inajua mizunguko. Ili kupata mizunguko kwa dakika, zidisha kasi ya kukata kwa 318, kisha gawa kwa kipenyo cha kikatio katika milimita. Namba 318 ni 1000 iliyogawanywa kwa pai, kwa hiyo hakuna uchawi ndani yake. Endimili ya milimita 20 kwenye chuma laini kwa mita 25 itahitaji 318 mara 25 gawa kwa 20, yaani mizunguko 397 hivi. Mashine nyingi zina ngazi kama 250, 355, 500, 710 na 1000, na jibu lako mara chache litaangukia ngazi kamili. Chukua ngazi iliyo chini ya jibu, ambayo hapa ni 355. Ukilazimika kuchukua ya juu, hakikisha haizidi jibu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kipenyo kinachoingia kwenye hesabu ni cha kikatio, wala si cha kazi. Fundi aliyetoka kwenye mashine ya kukereza, ambako kinachozunguka ni kazi yenyewe, hukosea hapa mara kwa mara.

Hatua ya tatu: fidi, na namna ya kuihesabu kwa mkono

Hapa ndipo mashine ya mkono inapotofautiana na majedwali, na ndipo panapohitaji uvumilivu zaidi. Fidi huanzia kwenye jino moja: ni unene wa chuma ambao kila jino huchukua linapopita. Kwa endimili ya haispidi kwenye chuma, gawa kipenyo kwa 250. Endimili ya milimita 10 itapata milimita 0.04 kwa jino, na ya milimita 20 itapata 0.08. Ukikata mfereji kwa upana wote wa kikatio, punguza namba hiyo kwa theluthi hivi, kwa sababu maranda ya chuma hayana pa kutokea. Fesimili ya kabaidi huchukua 0.1 hadi 0.2 kwa jino, na chini ya 0.05 huanza kusugua.

Mwendo wa meza kwa dakika ni fidi ya jino mara idadi ya meno mara mizunguko. Endimili yetu ya milimita 20 yenye meno manne, kwa 0.06 kwa jino (chini kidogo ya 0.08 ya hesabu) na mizunguko 355, itataka meza isogee milimita 85 kwa dakika.

Kama mashine ina fidi ya injini, teua ngazi iliyo karibu na umemaliza. Kama haina, namba 85 haimsaidii mtu aliyeshika gurudumu, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kuhisi milimita 85 kwa dakika. Igeuze iwe sekunde. Soma duara la vipimo lililo kwenye gurudumu ili ujue mzunguko mmoja husogeza meza kiasi gani. Mashine nyingi za vipimo vya metriki husogeza milimita 4, 5 au 6. Ikiwa yako ni 5, gawa 85 kwa 5 upate mizunguko 17 ya gurudumu kwa dakika, kisha gawa 60 kwa 17 upate sekunde tatu na nusu kwa mzunguko. Tundika saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde mahali unapoiona ukiwa umesimama kwenye mashine, na zoeza mkono wako kabla kikatio hakijagusa kazi. Baada ya wiki mbili hutaihitaji saa, ila wiki hizo mbili usiziruke.

Mwendo uwe wa mfululizo. Kusukuma robo mzunguko, kutulia, kisha kusukuma tena hufanya meno yasugue wakati wa kutulia na kuuma kupita kiasi wakati wa kusukuma. Stenlesi hugeuka ngumu papo hapo pale meno yanaposugua, na jino linalofuata hukutana na ngozi mpya iliyo ngumu kuliko ya mwanzo. Kwa fesimili ya kabaidi yenye meno matano, mizunguko 355 na 0.12 kwa jino, meza inapaswa kwenda milimita 213 kwa dakika, yaani zaidi ya mizunguko 42 ya gurudumu. Mkono hauwezi kufanya hivyo vizuri kwa muda mrefu. Kama mashine haina fidi ya injini, ondoa baadhi ya vipande vya kabaidi ili meno yanayokata yapungue, au rudi kwenye haispidi.

Hatua ya nne: kina na upana wa mkato

Kina huamuliwa na mambo matatu: ugumu wa mashine kuhimili msukumo, urefu wa kikatio kilichotokeza nje ya koleti (kishikio cha kikatio kwenye spindo), na nguvu ya mota. La pili hupuuzwa kuliko yote. Kikatio kilichotokezwa mara mbili ya urefu unaohitajika hupinda mara nane zaidi kwa msukumo uleule, kwa hiyo kukirudisha ndani ya koleti sentimita mbili kunaweza kukupa kina ambacho hakuna mabadiliko ya kasi yangekupa.

Unapokata mfereji kwenye chuma, kina kisizidi robo ya kipenyo cha endimili kwenye mashine ya kawaida, na nusu ya kipenyo kwenye mashine nzito iliyo nzima. Unapokata ubavuni, kina kinaweza kufikia kipenyo kizima iwapo upana wa mkato hauzidi robo ya kipenyo. Kwenye kastaini mkato wa kwanza uende chini ya ganda la kusubia, walau milimita 1.5 hadi 2, kwa sababu ganda hilo lina mchanga na ugumu, na mkato mwembamba hulazimisha meno yote kutembea ndani yake.

Ili kujua kama mota itahimili, zidisha upana, kina na mwendo wa meza, kisha gawa kwa 1000. Utapata sentimita za ujazo za chuma zinazoondolewa kwa dakika. Kilowati moja ya mota hutosha kuondoa takribani sentimita 15 za ujazo za chuma laini kwa dakika, na alumini mara tatu ya hapo. Endimili yetu ya milimita 20, ikikata ubavuni kwa kina cha milimita 20 na upana wa milimita 4, huondoa sentimita 6.8 tu, na mota ya kilowati 2.2 haitaihisi kazi hiyo.

Hesabu hiyo huchukulia kwamba umeme uko sawa. Jioni, taa na mashine za unga zinapowashwa mtaa mzima, volti 400 zinaweza kushuka hadi 340, na nguvu ya kuzungusha ya mota hushuka kwa mraba wa volti: 340 gawa kwa 400, ukizidisha jibu kwa lenyewe, ni asilimia 72. Kama ulikuwa umeibana mota asubuhi, jioni itakoroma na spindo itasimama kikatio kikiwa ndani ya chuma. Mimi sipangi mkato unaozidi theluthi mbili za uwezo wa mota, na volti zikishuka napunguza kina, huku mizunguko na fidi ya jino zikibaki zilivyo.

Mwelekeo wa mkato

Skrubu ya meza ya mashine ya zamani ina ulegevu. Upime kwa kuweka dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) kwenye meza, kugeuza gurudumu upande mmoja kisha mwingine, na kusoma kwenye duara la gurudumu ni milimita ngapi zinapita kabla meza haijasogea; milimita 0.3 hadi 0.5 si ajabu. Kwa ulegevu huo, meza isogee kinyume cha mwelekeo ambao meno yanapita kwenye kazi. Ukifanya kinyume, meno yataivuta meza kwa ghafla kiasi kile cha ulegevu, kila jino litachukua mara kadhaa ya fidi uliyopanga, na endimili itavunjika ikiwa imeingia kwenye kazi. Mkato mwembamba wa kumalizia unaweza kwenda upande wa pili kama umekaza kufuli za meza kidogo ili ziwe breki.

Mfano: mfereji wa ufunguo kwenye shafti ya milimita 40

Tuchukue shafti mpya ya chuma laini ya mashine ya kukoboa mpunga, yenye kipenyo cha milimita 40. Ufunguo wa kawaida wa shafti hiyo ni wa milimita 12 kwa 8, na mfereji kwenye shafti, ambao mafundi huuita kiwei, huwa na kina cha milimita 5. Wengi huchukua endimili ya milimita 12 na kupita mara moja, kisha hushangaa ufunguo ukicheza. Ndani ya mfereji, ukuta mmoja hukatwa kwa mwelekeo salama na wa pili kwa mwelekeo wa kuvuta, kwa hiyo kikatio huegemea upande mmoja na mfereji hutoka mpana kuliko kikatio chenyewe. Tumia endimili ya milimita 10 yenye meno mawili, kisha panua kuta.

Mizunguko ni 318 mara 25 gawa kwa 10, yaani 795; weka 710. Fidi ya jino iwe 0.025 kwa sababu ni mfereji mzima, nayo huleta mwendo wa milimita 36 kwa dakika, au sekunde nane na kidogo kwa kila mzunguko wa gurudumu la milimita 5. Toboa tundu la kuanzia kwa biti ya milimita 9 bila kufika kina chote, kisha kata mara tatu kwa kina cha 1.6, na mara ya nne kwa 0.2 iliyobaki. Kwa mfereji wa milimita 60, meza husafiri milimita 50, na kila mpito huchukua chini ya dakika moja na nusu.

Sasa zimebaki milimita 1 kila upande. Ondoa 0.7 kwanza, upande mmoja ukienda na wa pili ukirudi, ili kuta zote mbili zikatwe kwa mwelekeo salama. Pima, kisha ondoa 0.3 ya mwisho. Usibakize 0.05 kwa kudhani kwamba mkato mwembamba hutoa uso mzuri zaidi. Upana wa mkato unapokuwa mdogo sana kuliko kipenyo, jino halifikii unene wa fidi uliyoihesabu. Kwa upana wa 0.3 kwenye endimili ya milimita 10, unene halisi wa randa ni kama theluthi moja tu ya fidi. Kwa hiyo katika mpito huo wa mwisho ongeza fidi ya jino hadi 0.06, meza iende milimita 85 kwa dakika, na uso utatoka laini. Usomaji wa duara usiuamini peke yake. Jaribu kwa ufunguo wenyewe, ambao kwenye shafti unapaswa kuingia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya shaba.

Kusoma maranda na mlio

Baada ya sentimita mbili za mkato wa kwanza, simamisha mashine, ondoa maranda kwa brashi na uyatazame. Kwa haispidi kwenye chuma, randa linalofaa ni la rangi ya fedha au njano iliyopauka, limejikunja na lina kingo safi. Likiwa la bluu, kasi ni kubwa. Shuka ngazi moja. Likiwa unga mwembamba kama masizi, fidi ni ndogo, hata kama mkono unakuambia vingine. Kabaidi inaweza kutoa maranda ya bluu bila madhara. Kazi ikilia na kuacha mawimbi usoni, punguza mizunguko kwanza, au ongeza fidi, lakini usibadilishe vyote kwa pamoja, maana hutajua kipi kilitibu. Kama jino moja linalia zaidi ya mengine, pima kuyumba kwa kikatio kwa dayo geji. Endimili ndogo inayoyumba 0.05 hukata kwa jino moja tu, na hesabu yako ya fidi huwa haina maana tena.

Kuhusu kupoza, mafuta ya kuchanganya na maji yawe sehemu moja kwa sehemu 15 hadi 20 za maji, na mafuta yaingizwe kwenye maji, wala si maji kwenye mafuta. Kastaini ikatwe kavu. Kabaidi ipate maji mfululizo au isipate kabisa, kwani kuimwagia mara moja moja huipasua.

Mwezi Juni na Julai, Mbeya, Makambako na Njombe huamka na baridi kali, na mafuta ya gia huwa mazito. Zungusha spindo kwa ngazi ya chini dakika kumi kabla ya mkato wa kwanza, la sivyo sehemu ya nguvu ya mota itaishia kukoroga mafuta. Vua skafu na glavu na ukunje mikono ya sweta, hata kama baridi inauma. Spindo ya mizunguko 710 huzunguka karibu mara 12 kwa sekunde, na uzi mmoja wa sufu hutosha kumvuta mtu.

Kila kazi ikiisha, andika kwenye daftari linalokaa kando ya mashine: metali na namna tupa ilivyouma, kikatio na idadi ya meno, mizunguko, sekunde kwa mzunguko wa gurudumu, kina, na rangi ya maranda. Kazi ya shafti iliyo hapo juu huandikwa mstari mmoja: chuma laini, tupa imeuma vizuri, endimili 10 meno 2, 710, sekunde 8, kina 1.6, maranda ya fedha.